Mstaafu

Fomu ilikuwa na mistari sita.
Mshahara: hakuna. Posho: hakuna.
Chai ipo, akaandika Bwana Shekalaghe kwa kalamu yake mwenyewe,
akafikiri kidogo, akaongeza: ya rangi.
Nikatia sahihi ileile
niliyoitia miaka thelathini na minne
kwenye mafaili ya wagonjwa pale Bombo.

Sasa kila Jumanne na Alhamisi nashuka Kiomoni
na glavu zangu, na ndoo yangu,
na goti hili la kushoto linalotangulia kulalamika.
Kituo chenyewe ni mabanda manane na ubao mmoja.
Kuna kobe asiyejali mtu.
Kuna chatu aliyekutwa ndani ya banda la kuku,
ameshiba, hawezi kutokea tundu aliloingilia
(watoto hucheka hapo, na walimu pia).
Kuna nungunungu.
Na banda la mwisho, lililotundikwa gunia la kivuli,
kuna bundi.

Lori la saruji lilimvunja bawa la kulia.
Mimi ndiye niliyemfunga. Mikono ilikumbuka bandeji
kabla kichwa hakijakubali.
Mfupa mwembamba kama njiti ya kiberiti,
na moyo, ee Mola, moyo unakimbia
hata kidole changu kilishindwa kuuhesabu.
Hataruka tena.
Vijana wa kituo wakamwita Mstaafu,
kisha wakanitazama, wakaniomba radhi.
Nikasema, mwacheni aitwe hivyo.
Tunafanana mpaka miwani.

Jirani yangu Mwantumu hanipi tena kikombe chake.
"Mikono hiyo," anasema, "leo imeshika nini?"
Sina jibu la kumshinda. Nami nililelewa hivyohivyo:
bundi akitua paani, mama hutia chumvi motoni,
nasi hujifunika gubigubi, joto la Februari na lote.
Na wodi namba tano, zamu ya usiku,
akilia juu ya bati,
sisi wenye vyeti ukutani tulitazamana tu.
Kabla ya alfajiri kitanda kimoja kilikuwa kitupu.

Ilibidi nistaafu ndipo niulize:
ni usiku gani, kwenye wodi namba tano,
ambao hakuna kitanda kilichobaki kitupu?
Alie, asilie.
Nyuma ya wodi palikuwa na jiko,
nyuma ya jiko, mapipa ya makombo.

Alhamisi iliyopita walikuja darasa la nne kutoka Chumbageni,
arobaini na wawili, soksi nyeupe kwa vumbi la chokaa.
Nilipovuta gunia, mstari ukavunjika.
Wakakimbilia nyuma ya mwalimu,
mwalimu naye akatafuta pake pa kujificha.
Akabaki msichana mmoja, kidole mdomoni,
Mwanahawa Semkiwa, daftari lake lilisema.
Akaninong'oneza:
"Bibi, huyu akilia, anakufa nani?"

Nilikuwa nimeyakariri maelezo ya ubaoni:
chakula chake, makazi yake, faida zake kwa mkulima.
Yote yakanitoka.
Nikasema, "Panya."

Kimya. Kisha mmoja akacheka,
na kicheko kikapita mstari mzima kama maji mferejini.
Mstaafu akageuza kichwa chote, taratibu,
kama karani aliyekatizwa hesabu.
Mwanahawa hakucheka. Alikuwa anafikiri.
Mtoto anayefikiri namwogopa kidogo;
huyo ndiye atakayerudi nyumbani kumuuliza bibi yake.

Kisa hiki nilimsimulia Mwantumu kwenye kamba ya nguo.
Akabana kibanio, akaondoka.

Sitaki kudanganya.
Usiku wa jana alilia mmoja, mzima, na mabawa yake yote,
juu ya paa la Mwantumu.
Nywele zilinisimama kama zamani.
Nikakaa kitandani gizani, mkono kifuani,
nikisema panya, panya, panya,
mpaka nikasikia dirisha la jirani linafunguka
na sauti ikiniita, chinichini:

"Hujalala?
Hebu niambie tena, yule mtoto ulimjibu nini?"